Zhukov: Mtoi wa Fundi wa Viatu Aliyemtoa Hitler Jasho, Kisha Mabosi Wake Wakamgeuka

Ukiskia Vita vya Pili vya Dunia, ni nini inakujia kwa akili kwanza? Wengi wetu ni sinema. Wanajeshi wa Marekani wanaruka kutoka kwa boti, wanakimbia kwa mchanga wa Ufaransa, risasi zinawapita kichwani. Fiti, hiyo ilifanyika, tarehe 6 Juni 1944. Lakini cheki hii: kufikia hiyo siku, jeshi la Hitler lilikuwa tayari limevunjwa mgongo upande ule mwingine wa Ulaya, na karibu kila mahali lilipokula kichapo cha maana kulikuwa na jamaa mmoja mfupi, mnene wa kifua, kidevu kama jiwe, mdomo mchafu, mchezo hataki. Anaitwa Georgy Konstantinovich Zhukov. Hollywood haikuwahi kumjali sana, so wacha leo tukae naye kidogo.

Alizaliwa ushago kabisa, kijiji kinaitwa Strelkovka huko Kaluga, kusini-magharibi mwa Moscow, Desemba 1896. Fathee alikuwa fundi wa viatu ambaye mwenyewe aliokotwa akiwa mtoto na kulelewa na mjane mmoja. Mathe alikuwa anabeba mizigo kama mwanaume ili watoi wakule. Nyumba yao ilikuwa mbovu hadi siku moja paa likaanguka, wakalazimika kuuza ng'ombe ndio wapate mahali pa kulala. Huo ni msoto unaujua. Sio mambo ya Urusi peke yake.

Shule alisoma miaka mitatu tu. Sisi wenye hatukumaliza chuo tunaweza kutulia hapo kidogo, lakini usijipe raha sana, kwa sababu huyu msee hakuwahi kuacha kusoma. Akiwa kama miaka 12 alitumwa Moscow kwa mjomba, ndugu ya mathe yake, awe mwanafunzi wa kushona manyoya, zile koti na kofia za matajiri. Kazi ilikuwa kuamka mapema, kufagia, kutumwa dukani, na kuchapwa ukikosea. Usiku wengine wakilala yeye anasoma vitabu chini ya taa. Mpaka akawa fundi kamili, analipwa vizuri, na maisha yake yangeishia hapo, akishona kofia za wazito.

Alafu 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vikalipuka. Mwaka uliofuata akachukuliwa jeshini, akapelekwa kwa wapanda farasi. Akashinda nishani mbili za ushujaa, akarushwa na bomu la kutegwa hadi masikio yakaziba. Mapinduzi ya 1917 yakabadilisha kila kitu. Mfalme akaenda, maskini wakaambiwa nchi ni yao, na Zhukov akaingia Jeshi Jekundu 1918. Akapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaugua homa kali, akajeruhiwa tena, na kufikia 1923 alikuwa anaongoza rejimenti nzima. Hakuwa hata na miaka 27.

Sasa, hapa kuna kitu lazima uelewe, juu bila hiyo hutaelewa chochote kuhusu huyu mtu. Kati ya 1937 na 1938, Stalin alianza kuwamaliza majenerali wake mwenyewe. Sio adui, wake. Jeshi lilikuwa na marshali watano, cheo cha juu kabisa, na watatu wakauawa. Maelfu ya maafisa wakafungwa au wakapigwa risasi kwa makosa ya kubuni. Ukilala hujui kama ni wewe unagongewa mlango. Zhukov aliitwa kuhojiwa na chama kwa sababu ya ukali wake na mabeshte aliokuwa nao, na akaponea. Aliponeaje? Bahati, kiburi cha kujibu bila kutetemeka, na ukweli kwamba hakuwa mkubwa vya kutosha kuogopewa. Lakini viti vilivyoachwa wazi na waliouawa ndio alivipanda. Ni ukweli mchungu, na nafikiri aliujua.

Kiangazi cha 1939 akaitwa Moscow. Badala ya jela, akapewa ndege ya kwenda Mongolia. Jeshi la Japani lilikuwa limevuka mpaka karibu na mto Khalkhin Gol, kwa nyika ambayo haina mti wala nyumba. Kituo cha reli cha karibu kilikuwa zaidi ya kilomita 600. Hebu fikiria: unataka kupigana Mombasa, lakini kila risasi, kila debe la mafuta, kila mkate na kila kuni unatoa mbali kuliko Nairobi, na hakuna barabara. Zhukov akakusanya maelfu ya malori na kuyapeleka mbio usiku na mchana.

Wakati huo huo akawachezea Wajapani akili. Akasambazia askari wake vijikaratasi vya kufundisha kujilinda, akijua vingine vitaokotwa na adui. Akaweka vipaza sauti vya kutoa mlio wa mbao zikipigiliwa na ndege zikinguruma, usiku baada ya usiku, mpaka Wajapani wakazoea kelele wakaacha kushughulika. Jumapili ya tarehe 20 Agosti, maafisa wengi wa Japani wakiwa mapumzikoni, akawashukia na vifaru kutoka pande mbili na kuwafungia katikati. Mwisho wa mwezi, divisheni ya 23 ya Japani ilikuwa imekwisha.

Dunia haikushtuka. Na kwa nini ishtuke? Mapigano yaliisha tarehe 31 Agosti, na kesho yake, tarehe 1 Septemba, Hitler akavamia Poland. Hakuna mtu alikuwa na muda wa kuuliza mambo ya Mongolia.

Lakini kile kichapo kilikaa kwa akili ya Wajapani. Wakubwa wao walikuwa wakibishana: twende kaskazini tuchukue Siberia ama twende kusini tuchukue mafuta na mpira wa makoloni ya Wazungu? Baada ya Khalkhin Gol upande wa kusini ulipata nguvu. Haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa moja ya zile nzito. Na kusini ndiko walikuja kukutana na watu wetu. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliochukuliwa na jeshi la KAR walipelekwa Burma kupigana na Wajapani msituni, na mmoja wao alikuwa Waruhiu Itote, yule baadaye alikuja kuitwa Jenerali China msitu wa Mlima Kenya. So ukidhani hii hadithi haituhusu, nimeamua tu kukuachia hiyo hapo.

Tuendelee. Mwanzo wa 1941 Zhukov akafanywa mkuu wa majeshi yote. Kila mtu mwenye macho alikuwa anaona Wajerumani wakijazana mpakani. Majasusi walikuwa wanatuma habari. Stalin alikataa kuamini. Alikuwa ameweka mkataba na Hitler 1939 wa kutoshambuliana, na akajiambia ni Waingereza ndio wanataka kumgombanisha na beshte wake.

Tarehe 22 Juni 1941, kabla jua kuchomoza, zaidi ya wanajeshi milioni 3 wa Ujerumani na washirika wake wakavuka. Zhukov ndiye alipiga simu nyumbani kwa Stalin. Mlinzi akamwambia mkubwa amelala. Akaamuru aamshwe. Akamweleza miji inapigwa mabomu, akaomba ruhusa ya kujibu, na upande ule mwingine hakuskia kitu, pumzi tu. Ngori ilikuwa imeshaingia ndani ya nyumba.

Miezi iliyofuata ilikuwa aibu. Jeshi zima linazingirwa, lingine linazingirwa, mateka kwa mamia ya maelfu. Mwishoni mwa Julai Zhukov akafanya kitu ambacho wenzake wachache wangethubutu: akamwambia Stalin uso kwa uso kwamba mji wa Kiev lazima uachwe, jeshi lirudi nyuma ya mto, la sivyo litafungiwa. Stalin akawaka. Zhukov akajibu kwamba kama mkuu wa majeshi anaongea upuzi, basi aondolewe. Akaondolewa siku hiyo hiyo.

Septemba Kiev ikazingirwa vile alisema. Wajerumani walihesabu mateka zaidi ya 600,000. Sidhani kuna njia mbaya zaidi ya kuthibitishwa uko sawa. Cha ajabu ni kwamba Stalin, ambaye aliwaua watu kwa makosa madogo, hakumgusa. Alianza kumtumia kama lile gari la zimamoto: kukiwaka mahali, tuma Zhukov.

Kwanza ilikuwa Leningrad, Septemba 1941. Alipofika, watu walikuwa wameanza kujadili jinsi ya kulipua meli na viwanda. Akafuta hayo maneno, akapanga mizinga ya meli ipige nchi kavu, na akatoa amri kwamba anayeacha nafasi yake bila ruhusa ya maandishi apigwe risasi. Wajerumani hawakuingia. Lakini waliufunga mji, na kilichofuata ndicho sipendi kukiandika haraka. Siku 872. Majira yale ya kwanza ya baridi mgao wa mkate kwa watoto na wasiofanya kazi ulishuka mpaka gramu 125 kwa siku, na huo mkate wenyewe ulichanganywa na vitu sio unga. Chukua mkate wa gramu 400 wa dukani, ukate vipande vitatu. Kimoja ndicho siku yako nzima, nje kukiwa na barafu. Mamia ya maelfu ya raia walikufa, wengi kwa njaa. Zhukov hakuwepo kuona hayo, kwa sababu moto mwingine ulikuwa umewaka.

Moscow yenyewe.

Oktoba 1941 Wajerumani walizingira majeshi makubwa huko Vyazma na Bryansk, na barabara ya kwenda mji mkuu ikabaki karibu wazi. Stalin akamrudisha Zhukov haraka, na tarehe 10 akapewa usukani wa jeshi lote la magharibi, au kile kilichobaki. Alizunguka kwa gari akitafuta makamanda wake wako wapi. Tarehe 16 mji ukaingiwa na kiwewe: ofisi zinachoma makaratasi, mabosi wanatoroka na magari ya serikali, maduka yanavunjwa. Stalin akabaki. Hiyo lazima tumpe, ingawa sipendi kumpa kitu.

Mvua ikasaidia. Barabara za Urusi msimu huo zinakuwa matope mpaka magotini, na vifaru vya Wajerumani vikakwama kama matatu kwa barabara ya Ukambani mwezi wa Aprili. Wakazi wa Moscow, wengi wao wanawake, wakatoka na majembe kuchimba mitaro ya kuzuia vifaru. Tarehe 7 Novemba Stalin akafanya gwaride la sikukuu ya mapinduzi katikati ya mji, theluji inaanguka, na askari wengi wakatoka gwaride moja kwa moja kwenda vitani.

Kisha matope yakaganda, Wajerumani wakaja tena. Wakafika mahali ambapo Moscow ilikuwa kilomita 30 hivi, kwingine hata chini ya hapo. Lakini walikuwa hoi. Hitler alikuwa ameahidi vita viishe kabla ya baridi, kwa hivyo nguo za baridi hazikufika za kutosha. Mafuta ya magari yanaganda, vidole vya miguu vinakatika. Upande wa pili, Zhukov alikuwa amefanya jambo gumu kuliko kushambulia: alikuwa ameshikilia akiba yake. Divisheni mpya zilikuwa zinaingia, nyingine kutoka Siberia na Mashariki ya Mbali, na makamanda wake wanalia wapewe hata kikosi kimoja, naye anawanyima, anawatupia wachache wachache tu. Tarehe 5 na 6 Desemba akafungua mlango. Wajerumani wakasukumwa kati ya kilomita 100 na 250.

Hapo simama kidogo uangalie kalenda. Tarehe 5 Desemba Wasovieti wanaanza kurudisha kichapo. Tarehe 7 Japani inapiga Pearl Harbor. Tarehe 11 Hitler anatangaza vita dhidi ya Marekani. Siku saba. Watu wengi wakiulizwa vita viligeukia wapi watakuambia Stalingrad, na si uongo. Mimi naweka hiyo wiki. Mpango mzima wa Hitler ulikuwa kumaliza kazi haraka, na baada ya hiyo wiki haraka haikuwepo tena.

Sasa wacha nikuambie upande ambao mashabiki wake huruka. Kuna mahali panaitwa Rzhev, magharibi mwa Moscow. Mwaka wote wa 1942 Zhukov alishambulia hapo na hapakuvunjika. Novemba mwaka huo akaanzisha operesheni kubwa iliyoitwa Mars. Wanajeshi wake wapatao 70,000 wakafa au wakapotea kwa wiki chache, na mstari ukabaki pale pale. Kwa kitabu alichoandika baadaye aliipitia mbio mbio kama mtu anayepita karibu na duka analodaiwa.

Na hiyo Mars ilikuwa inaenda wakati ule ule na Stalingrad. Stalingrad unaijua angalau kwa jina. Mji kando ya mto Volga, umepewa jina la Stalin, Hitler anautaka kwa udi na uvumba. Kuanzia Agosti 1942 walipigania nyumba kwa nyumba, jikoni kwa jikoni, ngazi kwa ngazi. Wasovieti waliokuwa ndani walibanwa mpaka wakabaki na kipande cha ukingo wa mto. Lakini Zhukov, aliyekuwa sasa naibu wa Stalin kijeshi, na mwenzake Aleksandr Vasilevsky, waliangalia ramani wakaona kitu. Jeshi la Ujerumani lenye nguvu lilikuwa limejazana ndani ya mji. Pembeni, kwa mamia ya kilomita, lililindwa na Waromania ambao hawakuwa na silaha za kutosha za kupiga vifaru. Kwa nini upige ngumi mahali adui ana misuli?

Kwa wiki kadhaa wakaleta wanaume na vifaru usiku, kimya kimya, huku walio mjini wakipewa msaada wa kuwaweka hai tu. Tarehe 19 Novemba 1942 mizinga ikanguruma kaskazini, kesho yake kusini, na tarehe 23 pande mbili zikakutana nyuma ya Wajerumani. Watu wapatao 300,000 wakawa ndani ya gunia. Hitler akakataa watoroke, na ndege hazikuweza kuwaletea chakula cha kutosha. Mwanzo wa Februari 1943 waliobaki wakasalimu amri, karibu 91,000, wamekonda kama kuni. Waliorudi kwao Ujerumani miaka baadaye walikuwa kama 6,000. Sifa kubwa ya utekelezaji iende kwa Vasilevsky, kwa sababu Zhukov alikuwa kule Rzhev akipoteza. Lakini mpango ulikuwa wa wote wawili, na Januari hiyo Zhukov akapewa cheo cha marshali.

Kursk nitaipitisha haraka ingawa ni kubwa. Aprili 1943 Zhukov alimwandikia Stalin kwamba safari hii wasikimbilie kushambulia. Wajerumani wataleta vifaru vyao vipya hapa, tuwaache waje, tuwachoshe, tuvunje hivyo vifaru, ndipo tuwapige. Kwa Stalin, ambaye subira haikuwa yake, hilo lilikuwa gumu kumeza, lakini alikuwa amejifunza. Wakazika mabomu mengi ardhini, raia wakachimba mitaro, mstari nyuma ya mstari. Tarehe 5 Julai Wajerumani wakaja. Baada ya wiki hivi walikuwa wamekwama, na kutoka hapo hadi mwisho wa vita hawakushambulia tena kwa ukubwa huo upande wa mashariki. Kiangazi kilichofuata, 1944, Belarus ikakombolewa, na mwezi wa Julai mateka 57,000 wa Kijerumani wakatembezwa katikati ya Moscow. Nyuma yao yakapita magari ya kuosha barabara. Dharau ya kiwango hicho hata mtaani kwetu hatujafika.

Januari 1945 jeshi la Zhukov lilitoka mto Vistula, Poland, na kwa chini ya wiki tatu likasonga kama kilomita 500. Hiyo ni Nairobi hadi Mombasa na chenji inabaki, ukipigana njiani. Likasimama mto Oder. Berlin ilikuwa kama kilomita 70, tuseme unatoka Machakos unataka kuingia tao.

Na hapo ndipo alifanya kazi yake mbaya zaidi, kwa maoni yangu. Stalin aliwachezesha majenerali wake wawili, Zhukov na Ivan Konev, kama madereva wa matatu wanaopigania abiria: atakayefika Berlin kwanza ndiye jina lake litakaa kwa vitabu. Mbele ya Zhukov kulikuwa na vilima vya Seelow. Alfajiri ya tarehe 16 Aprili akapiga mizinga ya kutisha, kisha akawasha taa kubwa 143, nyingi zikiendeshwa na askari wanawake, azibe macho ya adui. Moshi na vumbi vikairudisha ile mwanga kwa askari wake mwenyewe. Na Wajerumani walikuwa wamerudi mstari wa nyuma usiku, kwa hivyo mabomu mengi yaliangukia mitaro mitupu. Badala ya kusimama afikirie, akasukuma vifaru vyote ndani kabla ya wakati, vikajazana kwa barabara nyembamba na mabwawa. Ilimchukua siku nne kuvunja. Kwa wiki tatu za operesheni ya Berlin, wanajeshi wapatao 80,000 wa upande wake walikufa, vita vikiwa tayari vimeshindwa na Hitler. Vijana waliovuka kutoka Volga miaka mitatu, wakafia mwisho wa safari juu ya mashindano ya wakubwa.

Na Berlin ilipoanguka tarehe 2 Mei, maelfu na maelfu ya wanawake wa huko walibakwa na askari wa Jeshi Jekundu. Ukiona mtu anasimulia ushindi bila kutaja hiyo, jua anakuuzia nusu.

Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 1945, kwa ukumbi huko Karlshorst, mtoi wa fundi wa viatu aliketi mezani akaamuru Wajerumani waletwe. Jemadari Keitel akaingia na fimbo yake ya cheo, akatia sahihi. Kwisha. Muungano wa Sovieti ulikuwa umepoteza watu karibu milioni 27. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Toa zaidi ya nusu.

Juni 24, mvua ikinyesha Moscow, Zhukov akakagua gwaride la ushindi akiwa juu ya farasi mweupe. Inasemekana Stalin alitaka kumpanda yule farasi mwenyewe, akajaribu, akaangushwa. Iwe kweli au udaku, bosi wa aina ile hapendi kuona mtu mwingine akipigiwa makofi hivyo.

Kwa muda akabaki Ujerumani kama mtawala wa upande wa Sovieti, akawa beshte na jenerali wa Marekani, Eisenhower. Hapo ndipo inatoka ile stori kwamba alipenda Coca-Cola, lakini kwa vile asingeweza kuonekana na kinywaji cha mabepari, akaomba itengenezwe isiyo na rangi, kwa chupa ya kawaida yenye nyota nyekundu kwa kifuniko, ifanane na vodka.

1946 mambo yakaharibika. Maafisa walioteswa jela wakatoa ushahidi kwamba anajisifu, anachukua ushindi wote. Akatupwa Odessa, baadaye Urals, mbali na kila kitu. Polisi wa siri wakapekua nyumba zake wakakuta mazulia, picha za ukutani, manyoya, vitambaa kwa maelfu ya mita, vyote kutoka Ujerumani. Hayo hakusingiziwa, alichukua. Fundi wa manyoya alijua manyoya mazuri. Lakini walimpekua kwa sababu walitaka kumshika, sio kwa sababu wizi uliwaudhi. Akapatwa na shida ya moyo, kila asubuhi akisubiri gari la kumchukua. Halikuja.

Stalin akafa Machi 1953. Miezi mitatu baadaye Zhukov, amerudishwa Moscow kama naibu waziri, akaingia kwa mkutano wa Kremlin na maafisa wenye bastola na kumshika Lavrenti Beria, bosi wa polisi wa siri, yule yule ambaye nchi nzima ilikuwa inamwogopa. Akawa waziri wa ulinzi 1955. 1956 vifaru vyake vikaponda mapinduzi ya Hungary. 1957 Khrushchev alipotaka kupinduliwa na wenzake wa chama, Zhukov akatoa ndege za jeshi zilete wanachama wa kamati kuu kutoka kila kona waje wamwokoe. Akaokolewa. Kama miezi minne baadaye, Zhukov akiwa ziarani Yugoslavia na Albania, Khrushchev akamfuta. Mtu anayeweza kukuokoa na jeshi anaweza pia kukuondoa nalo, ndivyo alivyofikiri, na wanasiasa wa kila nchi wanaielewa hiyo hesabu.

Akakaa nyumbani, anavua samaki, anaandika. Jina lake likatolewa kwa vitabu vya historia, ushindi wake ukagawiwa wengine. Kitabu chake kilikaa miaka kikikatwakatwa na wakaguzi kabla hakijatoka 1969. Wakati huo kiongozi alikuwa Brezhnev, ambaye vitani alikuwa tu kanali wa siasa kwenye jeshi moja la kusini. Kwa hivyo ndani ya kitabu cha marshali aliyeongoza Moscow, Stalingrad na Berlin ikawekwa sehemu ndogo kwamba alipotembelea lile jeshi alitamani sana kushauriana na kanali Brezhnev, ila bahati mbaya hakumkuta. Walioijua vita walicheka. Zhukov aliacha ikae, kitabu kitoke. Mke wake wa pili, Galina, alikufa mwishoni mwa 1973, na yeye akamfuata Juni 1974. Toleo la kitabu lenye maneno yake yaliyokatwa lilichapishwa kama miaka 20 baada ya lile la kwanza, na yeye alikuwa majivu kwa ukuta wa Kremlin kitambo.